Darasa zima linaandika hadithi moja: nifanyeje?

Swali: "Nafundisha Kiswahili sekondari ya kata huku Uporoto, Kidato cha Pili na cha Tatu. Mkondo mmoja una wanafunzi 74. Kila nikiwapa utungaji napata hadithi ileile: jua linachomoza, ndege wanaimba, mtu anapotea msituni, mwisho anaamka, kumbe ilikuwa ndoto. Mashairi yao yana vina lakini hayana maana. Tamthilia zao ni watu wawili wanaosalimiana ukurasa mzima. Nimebadilisha mada mara nyingi bila mafanikio. Vitabu vya ziada hatuna, na mkuu wa shule anataka nimalize mada za mtihani. Je, nikubali kwamba kipaji hakifundishwi? Kama kuna mazoezi ya tanzu mbalimbali, yaani aina za kazi za fasihi, nianzie wapi? Na nifanyeje na binti mmoja ambaye kila anachoandika kinahusu kupigwa?"

Mwalimu mwenzangu, suala la huyo binti nimeliweka mwisho kwa sababu linahitaji nafasi yake, lakini kama leo huna muda wa kusoma yote, anzia huko. Mengine yanaweza kusubiri wiki ijayo.

Kuhusu kipaji, hapana, usikubali. Hao hao wanaokuandikia ndege wanaimba, wakute kwenye foleni ya bomba au nyuma ya Fuso lililobeba viazi, uwasikie wanavyosimulia namna konda alivyoporomoka matopeni. Wanaigiza sauti, wanaruka yasiyo na maana, wanajua wanyamaze wapi ili wenzao wacheke. Hiyo yote ni fani. Kinachowashinda ni kuitoa mdomoni na kuifikisha kwenye daftari, na hilo hufundishika. Vipaji vinatofautiana, ndiyo, ila tofauti hiyo haionekani mpaka kwanza darasa zima liwe na kitu cha kuandika.

Tatizo liko hapa. Kichwa cha mwandishi mchanga hakiwezi kushika mambo mengi kwa mara moja. Unapompa mada "Safari yangu" na kipindi cha dakika 40, unamtaka abuni tukio, achague msimulizi, apange mwanzo na mwisho, akumbuke sifa za utanzu, asichanganye l na r, na juu ya hayo atafute Kiswahili cha jambo ambalo amelifikiri kwa Kinyakyusa au Kisafwa. Ni sawa na kumtuma mtoto bombani, ndoo kichwani na mdogo wake mgongoni, halafu ukamwambia akimbie. Lazima kitu kidondoke. Kinachodondoka ni ubunifu, kwa sababu ndicho pekee ambacho hakina alama nyekundu. Kwa hiyo mwanafunzi anachukua sentensi zilizokwisha tengenezwa, ambazo hazimgharimu chochote na hajawahi kuadhibiwa kwa kuzitumia. Jua linachomoza tangu darasa la tano, na walimu wamekuwa wakiliwekea vema.

Ndiyo maana kubadilisha mada hakukusaidia. Kila mada mpya ilikuwa mzigo mpya. Ushauri wangu ni kinyume chake: chagua tukio moja, likae nusu muhula bila kuguswa, na ubadilishe utanzu tu. Tukio likishafahamika na kila mtu, mwanafunzi hahangaiki tena na "niandike nini", na hapo ndipo anaanza kuona kila utanzu unamruhusu kufanya nini na unamkataza nini.

Kwa huko kwenu ningechagua siku dalali anapokuja kununua viazi. Kila mtoto ameishuhudia au amesimuliwa. Gunia linajazwa hadi mdomoni, kisha linaongezwa kilemba cha viazi na kushonewa kamba juu, lumbesa ile ambayo sheria ya vipimo inaikataza na bado inapita barabarani mchana kweupe. Kuna fedha, kuna haraka, kuna mtu mwenye gari na mtu mwenye shamba, na kuna mtoto aliyesimama pembeni anayejua kwamba ada yake imo humo ndani. Shule ya Mufindi ingetumia majani ya chai au mbao. Shule ya mjini Mbeya ingetumia mgambo na wamachinga pale Mwanjelwa. Muhimu liwe tukio ambalo watu wawili wanataka vitu viwili tofauti.

Kipindi cha kwanza wasiandike sentensi hata moja. Waketi wawili wawili, mmoja asimulie, mwenzake aulize maswali tu: gunia lilikuwa la rangi gani, nani alishika sindano, mama alisimama wapi? Waache waongee lugha wanayoiweza. Najua shule nyingi za sekondari zina sheria kali ya lugha, na mimi simtumi mwalimu kugombana na mkuu wake, lakini maandalizi ya mdomo kwa lugha ya nyumbani hayaharibu Kiswahili cha mwisho, yanakipa malighafi. Kisha kila mmoja aorodheshe vitu kumi alivyoviona, kusikia au kunusa siku ile. Piga marufuku "nzuri", "mbaya" na "furaha". Orodha ya namna hii, "sindano ya shazia, udongo mweusi kwenye kucha, dereva anapiga honi bila sababu", tayari ni bora kuliko insha zote ulizosahihisha mwaka jana.

Hadithi fupi ianzie mzani unapowekwa chini. Si asubuhi, si kuamka, si kupiga mswaki. Halafu tukio hilohilo lisimuliwe na mtu mwingine: kwanza mtoto, wiki inayofuata dalali. Zoezi la dalali ndilo lenye faida kubwa, kwa maana wanafunzi wanalazimika kumpa mwizi wao sababu. Ana mkopo, gari si lake, Dar es Salaam wanamkata na yeye. Ukipata hadithi tano ambazo humchukii dalali hadi mwisho, umefundisha wahusika kuliko ubao mzima wa "mhusika bapa na mhusika duara". Wanaomaliza mapema waanzie mwisho, gari likiwa limekwisha ondoka, kisha warudi nyuma. Hapo muundo rejea umeeleweka bila kukaririwa.

Sasa tamthilia, na hapa nakupinga kidogo. Kusalimiana si kosa lao. Sisi ndivyo tulivyo. Hakuna mtu wa Rungwe anayeingia kwenye biashara kabla ya kuuliza habari za nyumbani, na mwandishi anayeruka salamu anaandika watu wa nchi nyingine. Kosa ni kwamba katika salamu zao hakuna anayetaka kitu. Wape sharti moja: kila mhusika ana jambo analolitaka, na haruhusiwi kulitaja hadi mstari wa saba. Waonyeshe hivi:

DALALI: Shikamoo mama.
MAMA: Marahaba baba. Mmeamkaje huko mjini?
DALALI: Salama. Ni barabara tu, mvua imeikata.
MAMA: (Anakaa juu ya gunia.) Mvua hiyohiyo ndiyo iliyotupa viazi.
DALALI: (Anaangalia gari.) Dereva anasema ikifika saa kumi hapandi tena.
MAMA: Basi na alale. Chakula kipo.

Bei haijatajwa, lakini vita imeanza. Dalali anatumia barabara na saa, mama anatumia ukarimu. Waulize darasani nani anashinda mpaka hapo. Watabishana, na kubishana huko ndiko kufundisha mgogoro. Sharti la pili linahusu maelekezo ya jukwaani: kinachoandikwa kwenye mabano kiwe kinaonekana. "Anakaa juu ya gunia" kinaigizika. "Anakumbuka mumewe aliyefariki" hakiigiziki, labda ashike koti lake. Kisha wasimame mbele waigize, wawili wawili, dakika mbili kila jozi. Baridi ya Juni itakusaidia. Hakuna atakayelalamika kuambiwa asimame.

Mashairi yana ugonjwa wake. Wanafunzi huambiwa ubeti wa tarbia una mishororo (mistari) minne, mizani (silabi) 16 kwa mshororo, nane ukwapi (nusu ya kwanza) na nane utao (nusu ya pili), vina vya kati na vya mwisho. Yote kweli. Kisha wanaanza na vina, na kina kinawaburuta kokote kinakotaka. Wewe anza na kituo, yaani mshororo wa mwisho wa ubeti. Darasa zima litunge mshororo mmoja tu wenye jambo la kusema kuhusu tukio letu, wauhesabu kwa kupiga makofi, ndipo kila mtu atunge mitatu ya kutangulia. Tuseme mmekubaliana "Gunia lazidi tele, juuye lina kilemba." Mna kina cha le na kina cha mba. Kabla ya kutunga, jazeni ubao kwa maneno ya viazi, ya soko na ya barabara yanayoishia hivyo. Matokeo yanaweza kuwa haya:

Ninatoka Isongole, viazi nimevichimba,
Dalali kafika mbele, kwa maneno anapamba,
Mzani uko kwa yule, mkulima anayumba,
Gunia lazidi tele, juuye lina kilemba.

Si ubeti wa kushinda tuzo, ila una mtu, una mahali na una malalamiko. Wahesabu wenyewe. Watakwama mshororo wa tatu, na wakikwama ndipo waelezwe kwamba m ya "mzani" na ya "mkulima" ni silabi kamili, kama n ya "nchi", wakati mb ya "mbele" haisimami peke yake. Katika "juuye" irabu mbili zinahesabiwa mbili. Haya wakiambiwa kabla ya kukwama hawayashiki.

Shairi huru lije baadaye, kamwe lisitangulie. Najua wapo wenzangu wanaosema tuanze nalo kwa kuwa ni rahisi. Si rahisi. Ukiondoa vina na mizani lazima kitu kingine kishikilie shairi: picha, kurudia, mahali unapokata mstari. Mwanafunzi ambaye hajawahi kufungwa na tarbia hukata insha vipande vipande akaiita shairi. Waambie wachukue ubeti wao, wavunje vina vyote, wabaki na maneno kumi na tano tu. Hapo watajua ni yapi yalikuwa yamekuja kwa ajili ya kina peke yake.

Ngano inafanya kitu ambacho tanzu nyingine haziwezi. Mkulima hawezi kumwita dalali fisi mbele ya watu, lakini ndani ya ngano fisi ana gari na sungura ana viazi, na kila msikilizaji anaelewa bila mtu kushtakiwa. Waambie waende kwa bibi zao wakaulize hadithi za kwao huanzaje na msikilizaji hujibu nini, waje na mwanzo huo wa nyumbani badala ya "hapo zamani za kale". Ombi langu ni moja: wasibandike funzo mwishoni. Kama fisi ameshindwa, tumeona.

Wakishachoka na viazi, na watachoka, una hazina nyingine karibu. Ziwa Ngozi ni kreta ya volkano, na wazee wanaoishi chini yake wana maelezo yao. Andikeni kisasili, yaani asili ya kitu ikielezwa kwa imani. Kimondo cha Mbozi, bonge la chuma na nikeli lenye urefu wa mita tatu hivi, kinafaa kwa utanzu ambao shule zetu huusahau, bunilizi ya sayansi. Sharti lake: jambo moja tu lisilowezekana liruhusiwe, na mengine yote yafuate maisha ya kawaida ya kijiji. Kimondo kimeanza kutoa joto usiku. Basi nani anaanika mahindi juu yake, nani anauza nafasi, mwenyekiti wa kitongoji anaitisha kikao gani? Mwanafunzi akiruhusiwa miujiza kumi, hakuna hata mmoja utakaomshangaza msomaji.

Wenzako wa Iringa wana Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, na hapo kuna zoezi la tarihi, yaani masimulizi ya mambo ya kihistoria. Mambo yanayojulikana yasiguswe: mapigano ya Lugalo mwaka 1891, kifo chake mwaka 1898, fuvu lililorudishwa mwaka 1954 na sasa lipo Kalenga. Mwanafunzi asimwandike Mkwawa mwenyewe, kwa kuwa ataishia kuandika sifa. Amwandike mtu aliye pembeni, kijana anayebeba maji ya wapiganaji, au mwanamke aliyesimama kwenye umati siku fuvu linarudi. Kama bibi katika hadithi ni Mhehe, akisema "kamwene" mlangoni mwacheni aseme. Hakuna atakayekosa kuelewa.

Barua rasmi kwa mtendaji wa kijiji kuhusu lumbesa itakuchukua kipindi kimoja, kwani malalamiko wanayo tayari na kilichobaki ni anwani, kichwa cha barua na adabu. Majigambo yafaa kwa wale wavulana wa nyuma wasioandika. Ngonjera ya mkulima na dalali itungwe na kundi, na uitunze kwa ajili ya mahafali.

Sasa swali ambalo hukuuliza ila nalisikia: daftari 74. Usisahihishe yote. Gawa darasa makundi manne, kila wiki soma kundi moja, daftari 18 au 19, na katika kila zoezi tazama jambo moja ulilolitangaza. Wiki ya tamthilia unatazama kama wahusika wanataka kitu, basi. L na r zitapata wiki yake. Wengine wasomeane na kila msomaji apige mstari chini ya sentensi moja iliyomfanya aone tukio kama kwa macho. Nikuandae pia kwa jambo moja: mwezi wa kwanza kazi zao zitaonekana chafu kuliko zamani. Mtoto anayeacha sentensi za kukariri anaanza kutumia sentensi zake mwenyewe, na zake zina makosa. Wenzako wakiona daftari hizo wanaweza kukucheka.

Mkuu wa shule mjibu kwa lugha ya mtihani. Mtihani wa Kidato cha Nne unadai insha, na unadai uhakiki wa ushairi, riwaya na tamthilia: dhamira, wahusika, muundo, mtindo. Aliyewahi kutunga kituo hahitaji kukaririshwa kazi ya kituo. Usiombe vipindi vya ziada, tumia hivyohivyo vya mada hizo. Utakuwa unafundisha muhtasari uleule kupitia mlango mwingine. Ila sitakudanganya kwamba mazoezi yanatosha bila kusoma. Hayatoshi. Kama maktaba hakuna, soma kwa sauti dakika kumi kila Ijumaa, hata kama ni simulizi kwenye gazeti lililokuja limefunga maandazi. Na ukitaka mtu wa kukuona ukifundisha, jambo ambalo maandishi yangu hayawezi kufanya, kuna wakufunzi wa Kiswahili vyuo vya ualimu vya Tukuyu na Mpuguso hapo hapo Rungwe. Waalike wakae nyuma ya darasa kipindi kimoja.

Angalia pia mwanafunzi anayesimulia vizuri kwa mdomo lakini maandishi yake yanavunjika kila mara, herufi zinaruka, mistari inapanda. Kabla hujamwita mzembe, apimwe macho hospitali ya wilaya, na umtafute mwalimu wa elimu maalumu amwangalie.

Tumfikie binti. Inawezekana anaiga filamu. Wapo wanaoandika damu kwa sababu wenzao wanashtuka. Inawezekana pia amepata sehemu moja tu ya kusema. Huwezi kujua kwa kusoma, kwa hiyo usihukumu na usinyamaze. Usimsomeshe kazi hiyo mbele ya darasa, na usiipeleke ofisi ya walimu ikapita mikononi mwa watu. Mwite mahali panapoonekana na wengine lakini pasiposikika, umwambie umesoma, umeguswa, na umuulize kwa upole kama ni hadithi tu au kuna anayemfanyia hivyo. Usimwahidi kwamba hutamwambia yeyote, kwa sababu huenda ukalazimika. Usianze kwa kuita mzazi, maana hujui ni nani anayempiga. Akisema ni kweli, au akilia bila kujibu, siku hiyohiyo mwone mwalimu wa ushauri na unasihi, kisha afisa ustawi wa jamii. Kama kuna majeraha au hatari ya usiku huo, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto ni ya bure, nawe mwalimu unaruhusiwa kuipiga kuomba mwongozo. Mpaka upate jibu, mwache aendelee kuandika, na daftari lake likae kwenye kabati lako lenye kufuli, si kwenye rundo la darasa.